Mama, nani aliwasha? Kisa cha moto wa Mombasa na moto wa Qalhat



Najua mmeshaninunia kwa kimya changu. Nilikuwa na zamu za usiku mfululizo, na mtu akitoka zamu ya usiku hapa Ibra na jua hili, hana analolitaka duniani ila pazia zito na maji baridi. Lakini leo sitawachosha na habari za joto wala bei ya tikiti. Leo nina kisa cha historia, na nimekiandika kwa ajili ya watoto. Basi ami, shangazi, kaka zangu, wakusanyeni hao wadogo baada ya magharibi muwasomee. Mkifika mahali nilipoandika "wakubwa tu", someni kimoyomoyo mruke.

Kisa kilianza hivi. Binti yangu, ambaye wengi wenu mara ya mwisho mlimwona akitambaa, sasa ana miaka saba na anasoma kila kinachopita mbele yake, hata maandishi ya kwenye pakiti ya maziwa. Juzi alirudi na kitabu cha Kiingereza cha watoto kinachoeleza Moto Mkubwa wa London. Tulikisoma pamoja. Ulianza usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 2 Septemba 1666, kwa mwokaji mikate mmoja aliyeitwa Thomas Farriner, katika kichochoro cha Pudding Lane. Nyumba zilikuwa za mbao, zimebanana, kiangazi kilikuwa kikavu na upepo ulikuwa unavuma kutoka mashariki. Kufika Alhamisi nyumba 13,200 na makanisa 87 yalikuwa yamekwisha. Baada ya hapo wakaamrishwa wajenge kwa matofali na mawe. Kitabu kizuri sana, kina picha ya mwokaji amevaa kofia ya kulalia anachungulia dirishani, tukacheka.

Halafu akafunga kitabu, akaniambia, "Mama, kwetu Mombasa hakujawahi kuungua." Hakuwa anauliza. Alikuwa ananiarifu.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Kwa sababu hakuna kitabu."

Jamani! Nilikuwa nimeshavaa viatu vya kazini, gari ya hospitali iko nje inapiga honi. Nilimbusu nikatoka, lakini usiku ule wote, nikipima presha na kubadilisha dripu, neno lile lilinikaa. Hakuna kitabu. Basi kitabu chake ndicho hiki.

Watoto, sikilizeni. Mombasa iliungua. Na si mara moja. Na upo mji mwingine, mkubwa, tajiri, uliochomwa na kundi lile lile la mabaharia, nao uko huku niliko mimi, ufukweni, kama kilomita ishirini na kitu kutoka Sur. Unaitwa Qalhat. Ijumaa ya pili baada ya maneno yale tulipakia maji, mkate wa chila na chupa ya chai, tukaenda kuutazama.

Kutoka Ibra hadi Sur unavuka jangwa na milima, halafu ghafla bahari, na kwa mtu wa pwani hiyo bahari ni kama kumwona mama. Ukitoka Sur kuelekea Muscat, milima inaisogelea bahari kwa upande wa kushoto, na hapo katikati, juu ya kijiwanja cha mawe, unaona nyumba moja tu imesimama. Ni ya mraba, ina matao, na kuba lake limeporomoka. Uzio ulikuwa umefungwa siku hiyo, kwa hiyo tulitazama kutoka nje. Watu wanaliita kaburi la Bibi Maryam. Binti yangu akauliza, "Bibi ya nani?" Nikamwambia ni bibi kwa maana ya mwanamke wa heshima, na mume wake, Ayaz, alikuwa mtawala wa Hormuz na Qalhat karibu miaka 700 iliyopita. Alipokufa mumewe, mama huyu aliushika mji. Akafurahi sana kusikia hivyo. Akasema Bibi Maryam ni bosi.

Kuzunguka kaburi lile ni mawe, mawe, mawe. Ukizoesha jicho ndipo unaona kuwa mawe yamepangwa, huu ni ukuta, hii ni njia, hapa palikuwa na mlango. Mji mzima umelala pale.

Sasa, ulikuwa mji wa namna gani? Tuna bahati, kwa sababu alipita msafiri mmoja anayependa kueleza kila kitu, hata aibu zake. Ni Ibn Battuta wa Morocco. Karibu mwaka 1330 alifika kwetu. Alilala Mombasa usiku mmoja, na akaandika kwamba misikiti yetu ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na mlangoni mwa kila msikiti kuna kisima, mtu huosha miguu kisha hujipangusa kwenye mkeka ndipo aingie. (Mnaona? Bibi akiwafokea kuhusu miguu michafu, hilo ni jambo la miaka 700.) Akaenda Kilwa, kisha akapanda chombo kuja Uarabuni, na baadaye akatia nanga Sur.

Kutoka Sur aliuona mji wa Qalhat ubavuni mwa mlima, akadhani ni hapo tu. Akashuka chomboni aende kwa miguu na rafiki yake Mhindi aitwaye Khidr, na wakamkodi baharia mmoja awaongoze. Kumbe yule mwongozaji anamezea mate nguo zao! Walipofika kwenye hori la bahari alitaka wavuke mahali penye kina, wazame, yeye achukue mzigo. Ibn Battuta alikuwa na mkuki mkononi, akashtuka, wakatafuta mahali pengine pa kuvuka. Kisha njia ikawa ndefu, maji hakuna, usiku ukaingia, na Ibn Battuta hakulala, alikaa macho akimlinda mwizi wake. Walipofika langoni Qalhat miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya viatu hata damu ikawa karibu kutoka chini ya kucha. Mimi kama muuguzi nikisoma hapo nasikia uchungu, hiyo ni miguu ya kulowekwa na kuinuliwa juu ya mito miwili. Na kweli, mkuu wa mji alimkaribisha siku sita, na muda huo hakuweza hata kusimama sawasawa.

Lakini hakununa. Alisifu samaki wa Qalhat kuliko nyama yoyote, wanamchoma juu ya majani ya miti na kumla kwa wali, na mchele unatoka India. Akasema pia kwamba watu wa huko kila wakisema neno wanamalizia na "la". Unakula, la? Unakwenda, la? Binti yangu amelishika hilo, sasa kila kitu hapa nyumbani ni "la".

Na aliusifu msikiti. Ulijengwa na Bibi Maryam huyo huyo, mahali palipoinuka, ukiitazama bahari na bandari, na kuta zake zilipambwa kwa vigae vya kauri vinavyong'aa. Watoto, ukumbukeni huu msikiti, nitaurudia.

Pesa ya kujenga hayo yote ilitoka wapi? Ilitoka baharini. Qalhat haikuwa na shamba la maana, mmeona nilivyosema, ni mawe. Lakini ilikuwa karibu na pembe ya Uarabuni, mahali ambapo chombo kinachotoka kwetu kwa kusi na kinachotoka India kwa kaskazi vyote vinapenda kupumzika. Farasi wa Kiarabu walipakiwa hapo kupelekwa India, hata Marco Polo ameandika. Mji ulikuwa chini ya wafalme wa Hormuz, ile bandari ya kwenye kisiwa mlangoni mwa Ghuba. Na mwaka 2018, UNESCO ilipouingiza Qalhat katika orodha ya urithi wa dunia, moja ya sababu walizoandika ni kwamba mabaki yake yanaonyesha biashara ya Uarabuni na Afrika Mashariki, India na China. Afrika Mashariki ndiyo sisi.

Haya. Sasa wanakuja Wareno.

Mnawajua kutoka Fort Jesus, lakini Fort Jesus ni ya baadaye, walianza kuijenga 1593. Mimi nazungumza kabla ya hapo. Vasco da Gama alipita Mombasa Aprili 1498, hawakuelewana, akaenda zake Malindi. Miaka saba baadaye alikuja Francisco de Almeida na msafara mkubwa wa meli. Alikuwa ametumwa na mfalme wa Ureno, Manuel, aikamate biashara ya Bahari ya Hindi. Si kufanya biashara, kuikamata. Bandari zilitakiwa zilipe kodi kwa mfalme ambaye hazijamwona. Julai 1505 aliivamia Kilwa. Agosti akafika Mombasa.

Mombasa haikukubali. Kwenye lango la bandari kulikuwa na ngome ndogo, na watu wake wakazipiga mizinga meli za Wareno zilipokuwa zikipima kina cha maji. Wareno wakajibu, na mzinga mmoja ukaipata baruti ya ngome, ikalipuka. Bado mji haukukubali. Ndipo Almeida akaamuru mji utiwe moto.

Hapa binti yangu alinikatiza. "Yaani waliwasha makusudi?" Ndiyo, makusudi. Akanyamaza kidogo. Katika kitabu cha London hakuna mtu mbaya, mnaelewa? Mwokaji alisahau tu makaa. Mtoto anaweza kumsamehe mwokaji. Kwa huu wetu nilimwona anatafuta pa kumweka huyo mtu na hapaoni.

Mombasa iliwakaje, wakati inajulikana ilikuwa na nyumba za mawe za ghorofa? Mmoja wa watu wa msafara ule, Mjerumani jina lake Hans Mayr, aliandika aliyoyaona. Nyumba za mawe zilikuwepo, nyingi na nzuri, lakini katikati yake na kando yake palijaa vibanda vya makuti, vingine vya kufugia ng'ombe, na njia zilikuwa nyembamba kama zilivyo mpaka leo pale Mji wa Kale. Nani asiyejua makuti? Makuti makavu ya Agosti, na upepo wa kusi haujaisha. Moto unataka vitu vitatu tu, kitu cha kula, hewa, na cheche ya kuanzia. Makuti ni chakula, kichochoro chembamba ni bomba la kupuliza hewa, na cheche walileta wao. Uliwaka usiku kucha.

Na nyumba ya mawe nayo, watoto, si mawe matupu. Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, lakini dari na sakafu ya ghorofa vimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti ikiungua, dari lote lenye uzito wa mawe linashuka. Na jiwe la matumbawe lenyewe likipikwa na moto mkali linakuwa chokaa. Ndivyo wazee wetu walivyotengeneza chokaa ya kujengea, walipanga kuni na matumbawe na kuchoma. Kwa hiyo nyumba ya mawe ikiungua vya kutosha inarudi kuwa kile ilichotokana nacho. Mayr anasema nyumba nyingi ziliporomoka usiku ule. Asubuhi Wareno waliingia mjini. Watu wa Mombasa walipigana nao vichochoroni na juu ya mapaa, kisha mfalme na watu wengi wakajitoa wakakimbilia kwenye minazi nje ya mji. Wareno walibeba vitambaa vya biashara vilivyokuwa vinakwenda Sofala, na mazulia, na zulia moja zuri mno likapelekwa kwa mfalme wa Ureno. Baada ya hapo wakatweka kwenda India.

(Wakubwa tu. Mayr anahesabu waliokufa upande wetu kuwa zaidi ya elfu na mia tano, na kwa Wareno watu watano. Sijui mtu anahesabuje maiti katika mji unaowaka, na anayehesabu ni upande ulioshinda. Nimefanya kazi mwaka mmoja kwenye wodi ya majeraha ya moto. Wengi moto hauwaui kwa ndimi zake, moshi unawatangulia. Mtoto sikumwambia hesabu. Nilimwambia watu wengi walikufa, na akaniuliza kama paka walikimbia, nikasema paka walikimbia.)

Mwaka 1507 wakaja wengine, Tristão da Cunha na pamoja naye Afonso de Albuquerque. Lamu walikubali kulipa kodi, wakaachwa. Barawa walikataa, wakaporwa, na mji ukachomwa. Kutoka hapo wakaikamata Sokotra, na Agosti ya mwaka huo, kwa upepo ule ule wa kusi uliokuwa ukiyaleta huku majahazi yetu na boriti zetu, Albuquerque akatoka Sokotra na meli chache na watu wapatao 500 akaja Oman.

Kwanza Ras al-Hadd, pale kwenye ufuo wa kasa niliowatumia picha zake, akachoma vyombo vya wavuvi. Kisha Qalhat. Na mwaka huo Qalhat HAIKUUNGUA. Wakuu wake walikuwa na akili ya biashara, wakampa vyakula na maneno mazuri, wakasema Hormuz ikikutii na sisi tutakutii. Akapita. Qurayyat ikapigana, ikachomwa. Muscat ikatakiwa ilipe fidia kubwa ya dhahabu kwa muda mfupi, haikulipa, ikachomwa pamoja na msikiti wake wa mbao zilizochongwa na vyombo vilivyokuwa bandarini. Suhar wakasalimu amri.

(Wakubwa tu. Mateka wengine wa Muscat waliachiwa baada ya kukatwa pua na masikio. Hayo hayakuandikwa na adui yake, yamo katika kitabu cha sifa zake kilichotungwa na mwanawe mwenyewe. Nilifikiri sana kama mtoto wa miaka saba ayasikie, nikaona hapana, atayakuta mwenyewe siku moja na atanilaumu au hatanilaumu.)

Huko Hormuz Albuquerque alishinda vita, akaanza kujenga ngome, lakini manahodha wake wakachoka naye. Mapema mwaka 1508 watatu wakamkimbia na meli zao wakaenda India, ikabidi aiache Hormuz na ngome haijakwisha. Mtu mwenye kiburi amerudishwa nyuma mbele ya watu! Akarudi Sokotra, akangoja upepo, na Agosti 1508 akaja tena pwani ya Oman na hasira zake zote. Mji wa kwanza mkubwa njiani ulikuwa Qalhat, mali ya Hormuz, ule uliomkaribisha kwa maneno mazuri.

Safari hii hakusikiliza neno. Waliuvamia, wakapora, wakachoma nyumba, wakachoma vyombo bandarini, na wakauchoma ule msikiti. Mnaukumbuka? Maelezo ya Wareno wenyewe yanausifu kwa yale yale aliyosifu Ibn Battuta karibu miaka 180 kabla, vigae ukutani na baraza linaloangalia bahari. Waliuona uzuri wake, wakauandika, kisha wakautia kiberiti. Hapo ndipo mimi nashindwa kabisa kuwaelewa, zaidi ya kote.

Wanaakiolojia wa Kifaransa wakishirikiana na Waomani walianza kuchimba Qalhat mwaka 2008, wakiongozwa na mwanamama, Axelle Rougeulle. Wakaupata msikiti wa Ijumaa, karibu na bahari kama ulivyoelezwa. Walichimbua pia vigae vya vyombo kutoka China, India na Iran. Kwa hiyo si hadithi ya kubuni, watoto, misingi ipo.

Lakini niseme ukweli wote, kwa sababu kazini tumefundishwa hivyo. Ukijaza cheti cha kifo huandiki tu kilichomwua mtu siku ile, unaandika na maradhi yaliyokuwa chini yake. Qalhat ilikuwa mgonjwa kabla ya Albuquerque. Mwishoni mwa karne ya 15 tetemeko la ardhi lilikuwa limeubomoa vibaya, na biashara ilishaanza kuhamia bandari nyingine, Muscat hasa. Mji wenye afya ukichomwa unajengwa tena. Mombasa ilichomwa 1505, ikajengwa. Nuno da Cunha akaichoma tena 1529 alipokuwa akiondoka, ikajengwa. Ikaja kupigwa tena 1589, na bado ipo, mnakaa ndani yake na mnalalamika foleni za Likoni. Qalhat haikuinuka. Watu walihamia kwengine, na Sur ndiyo ikaja kuwa bandari ya majahazi ya upande huu.

Tulipokuwa tunaondoka, jua linazama, binti yangu akapiga kelele ndani ya gari: "Mama, BADO UNAWAKA!" Nikakanyaga breki. Kumbe ameona mwale wa moto juu ya mnara. Hapo Qalhat pana kiwanda kikubwa cha gesi, kilianza kusafirisha gesi nje mwaka 2000, na kina bomba refu la kuchomea gesi ya ziada. Nilimweleza. Alikubali, lakini aligeuka nyuma kuutazama mpaka ukapotea.

Niliporudi Ibra nilimsimulia jirani yetu, Bi mkubwa niliyewahi kuwaambia habari zake, aliyezaliwa Unguja akaletwa huku baada ya 1964. Hapa Ibra ukiingia majumba ya wazee usishangae kuitikiwa kwa Kiswahili, tena kile cha mjini Unguja, laini. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa mkekani, nikaeleza habari za Qalhat na Mombasa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wareno si tuliwafukuza, mwanangu?"

Na ni kweli. Moto wa Wareno ulikuwa wa pwani, haukupanda milimani. Nizwa haikuuona. Na huko bara, katika miji kama Rustaq na Nizwa, ndiko walikojikusanya maimamu wa Al Yaarubi. Imam Sultan bin Saif aliikomboa Muscat mwaka 1650, na ni yeye aliyejenga ule mnara mnene wa ngome ya Nizwa, ambao nilipiga picha mbele yake nikiwa nimefumba macho. Watu wa pwani yetu wakapeleka ujumbe Oman kuomba msaada, na baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, Fort Jesus ikaanguka mikononi mwa Waomani Desemba 1698.

Binti yangu alikuwa mlangoni anacheza na kandambili za watu. Akainua kichwa, akasema, "Halafu nyinyi mkaichukua Mombasa, la?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Bi mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Tuliichukua, mjukuu wangu. Tukaikalia." Kisha akawa kimya, akamega halua, akampa. Sikuongeza neno. Yako mengi katika huko kuikalia, mashamba na utumwa na watu waliopita sokoni Unguja, na wengi wetu huku na huko ni wajukuu wa pande zote mbili. Hicho ni kitabu kingine na si cha miaka saba.

Jana usiku alichora. Amechora London upande mmoja, mwokaji na kofia yake, na upande wa pili amechora Mombasa, nyumba za mawe na makuti katikati, na moto mwekundu mpaka kwenye ukingo wa karatasi. London amejaza watu wanakimbia na ndoo. Mombasa hakuna mtu hata mmoja. Nikamuuliza, watu wako wapi? Akanionyesha nje ya karatasi, juu ya meza, karibu na kikombe changu. "Wako kwenye minazi," akasema. "Karatasi imeisha."

Nitaipiga picha niwatumie. Kaka, tafadhali wapeleke hao watoto Mji wa Kale jioni moja, wapite msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ni wa mwaka 1570, kisha watembee kile kichochoro cha nyuma ambacho watu wawili hawapishani, wakiguse ukuta. Na mkirudi mninunulie viazi karai, mvile kwa niaba yangu.

Nalala sasa, zamu inaanza saa moja jioni.

Wasalaam, na mnisalimie Bibi.